Kiwanda Kikifungwa, Kijiji Kinapoteza Nini?

BARAKA: Karibuni tena kipindini. Mimi ni Baraka.

RUKIA: Na mimi ni Rukia. Leo ni mdororo wa uchumi, ila takwimu za nchi nzima tunaziweka pembeni. Tunakwenda kwenye kijiji kimoja tu, Marienthal, nje kidogo ya Vienna, Austria.

BARAKA: Kwa nini huko, dada Rukia?

RUKIA: Kwa sababu kuna watu walikwenda kukitazama kwa karibu sana vyuma vilipokaza. Marienthal ilizaliwa na kiwanda cha nguo kilichoanzishwa mwaka 1830. Babu kafanya kazi pale, mama kafanya pale, binti naye anangoja umri ufike. Mwaka 1929 kiwanda kikaanza kufungwa, na mwanzoni mwa 1930 kimya kabisa. Kijiji kilikuwa na familia 478. Takriban robo tatu hazikuwa na hata mtu mmoja mwenye kazi.

BARAKA: Na waliokwenda kutazama ni akina nani?

RUKIA: Kundi la watafiti kutoka Vienna. Wanaokumbukwa zaidi ni Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel. Walianza mwaka 1931, matokeo yakachapishwa 1933. Sasa kaka, nikuulize. Mtu aliyekuwa anashinda kiwandani kutwa nzima, ghafla ana siku yote mkononi. Utategemea afanye nini?

BARAKA: Asome, alime bustani, ahudhurie vikundi vyake. Si ndiyo hamu ya kila mfanyakazi?

RUKIA: Basi sikiliza. Pale kulikuwa na maktaba ya wafanyakazi. Kazi zilipokwisha, ada ya kuazima vitabu ikaondolewa. Vitabu bure, muda upo. Lakini kati ya 1929 na 1931 uazimaji ulishuka karibu nusu.

BARAKA: Ulishuka?

RUKIA: Ulishuka. Wanachama wa vikundi na vyama nao wakapungua. Hata bustani kubwa ya kijiji, waliyokuwa wakijivunia, ikaachwa ikaota magugu, ingawa kulikuwa na mikono mingi isiyo na shughuli. Kuna kitu walifanya ambacho kinaniumiza kila nikikisoma: mtafiti alijificha nyuma ya dirisha na saa yake, akapima jinsi watu wanavyotembea kwenye barabara kuu. Takriban theluthi mbili ya wanaume walisimama angalau mara mbili kabla ya kufika mwisho. Wanawake walikwenda haraka zaidi.

BARAKA: Wanawake wana pa kufika. Mtoto anangoja, chungu kiko jikoni.

RUKIA: Ndiyo hiyo. Kwa wanawake mshahara ulikatika, kazi haikukatika. Wanaume waliombwa waandike walichofanya saa kwa saa, na mmoja akaandika, kwenye nafasi ya saa nne hadi saa tano asubuhi, kwamba muda unapita tu mpaka mchana unafika. Basi. Hakuwa na kingine cha kuandika.

BARAKA: Inasikitisha. Lakini nitakupinga kidogo. Ukizungumza sana kuhusu muda na moyo kuvunjika, wenye mamlaka watasema hawa wanahitaji kutiwa moyo tu. Shida ya kwanza ni fedha. Hao watafiti si walitazama pia chakula cha watoto shuleni?

RUKIA: Walitazama. Posho ya wasio na kazi ililipwa kila baada ya wiki mbili. Siku moja kabla ya malipo, karibu nusu ya watoto walikuja na mkate mtupu au bila chochote. Siku iliyofuata malipo, karibu wote walikuwa na chakula cha maana.

BARAKA: Umeona? Mzazi hajageuka mtu mwingine ndani ya usiku mmoja. Fedha imeingia, mtoto amekula. Na posho yenyewe ilikuwa na muda wake. Ukipita unashushwa kwenye msaada mdogo zaidi, halafu huo nao unakwisha.

RUKIA: Hapo nakubali. Ila tazama masharti yake. Ukikutwa umefanya kibarua chochote, posho inakatwa. Mwanamume mmoja alikatiwa kwa kusaidia kukata miti ili apewe kuni. Mama mmoja alikuwa anasambaza maziwa, akipata kidogo kwa ajili ya wanawe, naye akakatiwa.

BARAKA: Hapo umenigusa. Unamkataza mtu asijisaidie, halafu unamlaumu kwamba amekaa tu.

RUKIA: Na unamgeuza jirani kuwa mpelelezi. Barua zisizo na jina zikaanza kumiminika: fulani anafanya kazi kwa siri. Mashitaka yaliongezeka mara kadhaa, na mengi yalipochunguzwa hayakuwa na ukweli. Hawa ni watu waliofanya kazi mashine kwa mashine miaka nenda rudi.

BARAKA: Mimi hilo ndilo naliona baya kuliko yote. Kiwanda kinaweza kufunguliwa tena. Jirani aliyekuchongea utamtazamaje?

RUKIA: Kitu kimoja nilichowapenda wale watafiti: walijiwekea sharti kwamba hakuna atakayekaa kijijini kama mtazamaji tu. Kila mmoja awe na jambo la kuwafaa wenyeji. Waligawa nguo, wakaleta madaktari wa kutibu bure, wakaanzisha mafunzo ya kukata na kushona kwa wasichana.

BARAKA: Kwa hiyo leo, mahali popote mwajiri mkubwa akifunga, ungeanzia wapi?

RUKIA: Ningeanza na lako, fedha, mapema, kabla watu hawajauza vyombo vya ndani. Na mtu akipata kibarua cha siku mbili asinyang'anywe posho yote, ipunguzwe kwa kadiri ya alichopata. Kisha kazi za pamoja zenye malipo, hata kama ni kufyeka ile bustani.

BARAKA: Yenye malipo, sawa. Maana kuna wanaopenda kuwaita wasio na kazi wajitolee, kana kwamba kujitolea kunalipa kodi ya nyumba.

RUKIA: Kabisa. Na ianze miezi ya mwanzo, wakati watu bado wanahudhuria mikutano. Marienthal ilipofika mwaka wa pili, hata kuwaita ilikuwa vigumu.

BARAKA: Wiki ijayo tutaingia kwenye madeni ya dukani: mwenye duka hufanya nini wateja wake wote wanapokopa kwa pamoja. Asanteni kwa kutusikiliza.