Pampu ya Shawa na Hewa Inayojificha Kwenye Boila

BARAKA: Karibu tena, msikilizaji. Niko na dada Salma, fundi bomba. Dada, leo nataka tuzungumzie shawa inayochuruzika. Tangi lipo juu, boila linachemsha vizuri, lakini ukisimama chini ya shawa, povu halitoki kichwani.

SALMA: Asante, kaka Baraka. Tuanze na kinachosukuma hayo maji, nacho ni kimo cha tangi. Kila mita 10 za kimo zinakupa kama baa 1 ya presha. Sasa pima kutoka usawa wa maji tangini hadi kwenye shawa. Ukikuta mita moja na nusu, una baa 0.15 tu. Hata ubadilishe boila, hapo hupati kitu.

BARAKA: Basi mtu akanunue pampu.

SALMA: Asikimbilie dukani. Kwanza aloweke kichwa cha shawa kwenye siki, maana chokaa huziba vile vitundu. Kisha akague koki za njiani. Nimewahi kuitwa kufunga pampu, nikakuta koki imefunguliwa nusu. Nikaifungua yote, maji yakaja, nikarudi na vifaa vyangu. Na kama boila linalishwa moja kwa moja na bomba kuu, au ni hita ya papo kwa papo, asifunge pampu ya aina hii. Hii ni ya maji yanayoshuka kutoka tangini.

BARAKA: Haya, amekagua yote na kafunga pampu. Miezi michache tu inaanza kuunguruma, halafu inavuja. Kosa la nani?

SALMA: Mara nyingi ni hewa, na hapa naomba msikilizaji atege sikio. Maji baridi yana hewa iliyoyeyuka ndani yake. Ukiyapasha moto, hewa hiyo inajitenga, inapanda na kukusanyika juu kabisa ya boila, pale pale paipu ya maji ya moto inapotokea. Fundi akiunga pampu kwenye paipu hiyo bila kufikiri, pampu inakunywa mapovu. Ile sili ya mota, yaani kizuizi kinachozuia maji yasivuje kwenye mota, inapozwa na kulainishwa na maji. Ikizunguka kwenye hewa inaungua. Ndiyo ngurumo unayoisikia.

BARAKA: Kwa hiyo maji tuyachukue wapi?

SALMA: Pampu ipewe njia yake peke yake. Kuna kiungo maalumu kinachofungwa juu ya boila, chenye kijibomba kinachozama ndani, kikachota maji chini ya ile hewa. Hewa yenyewe inaendelea kupanda kwenye paipu ya kupumulia. Na kirekebisha joto kiweke nyuzi 60. Ukipita 65 hewa inazidi na sili inateseka. Ukishusha sana, bakteria wanapata makao.

BARAKA: Na maji ya baridi? Wengine wanasukuma ya moto tu.

SALMA: Hilo linanitia hofu, hasa nyumba yenye watoto. Ya moto yakiwa na nguvu kuliko ya baridi, mchanganyiko hautabiriki, mtu anaungua ghafla. Chukua pampu yenye njia mbili, na ya baridi yatoke tangini, si bomba kuu, ili presha zilingane.

BARAKA: Pampu ikae wapi?

SALMA: Chini, karibu na boila. Pampu inajua kusukuma kuliko kuvuta. Tumia mipira inayonyumbulika, usiiunge na paipu ngumu, la sivyo nyumba nzima itasikia ukioga. Umeme mwachie fundi umeme, aweke kikata umeme cha miliampia 30, kile kinachozima umeme ukivuja.

BARAKA: Na tangi dogo?

SALMA: Piga hesabu. Shawa ikitoa lita 12 kwa dakika, dakika 10 ni lita 120. Tangi la lita 100 linalojazwa polepole litakauka, na pampu itameza hewa ile ile tuliyoikimbia kwenye boila.

BARAKA: Siku ya kuwasha je?

SALMA: Umeme ubaki umezimwa. Fungua koki, suuza paipu kabla hujaunga pampu, maana vumbi la kukata paipu linakwaruza ndani. Ukishaunga, acha maji yapite yenyewe kwenye shawa, ya moto na ya baridi, mpaka mapovu yaishe. Hapo ndipo unawasha.