Usiulize Jina, Uliza Klasi: Skripti za Ruby Ndani ya SketchUp

Jamani habari za mchana, karibuni sana, wale wa nyuma sogeeni mbele kidogo maana nitakuwa naonyesha vitu vidogo vidogo kwenye projekta. Najua wengi hapa mnachora ramani za nyumba, Mwanga, Gungu, Ujiji huko, na laptopu nyingi tunazotumia huku Kigoma mwisho wa reli ni za mtumba, RAM yake ndogo, kwahiyo skripti ikiandikwa hovyo modeli inaganda na mteja amekaa pembeni anasubiri aone nyumba yake. Leo tukae kwenye kitu kimoja tu: ndani ya SketchUp, programu yetu ya kuchora majengo kwa 3D, skripti, yani maelekezo tunayoiandikia kwa lugha ya Ruby, inajuaje kwamba kitu ilichokishika ni uso, au mstari, au grupu? Swali lenyewe dogo, ila kwenye modeli ya kawaida linaulizwa maelfu kwa maelfu ya mara, na hapo ndipo muda unapopotelea.

Ruby ilitoka 1995, aliyeitengeneza ni Yukihiro Matsumoto wa Japani, na watu wa Ruby wana desturi yao, wanasema usihangaike kujua kitu ni aina gani, kipe kazi tu, kama kinaiweza kitaifanya. Mimi naipenda hiyo desturi na sehemu nyingi naifuata. Lakini ndani ya SketchUp mambo yako tofauti kidogo kwasababu ukisema Sketchup.active_model.entities unapewa mchanganyiko, humo humo kuna Edge, yani mstari, kuna Face, yani uso, kuna Group, kuna ComponentInstance, yani kopi ya komponenti, kuna maandishi, kuna vipimo, kuna mistari ya kuongozea. Ukiambia kila kimoja kikupe eneo lake, Edge haina eneo, unapata NoMethodError na skripti imekata hapo hapo. Kwahiyo kuuliza ni lazima, ishu ni unaulizaje.

Sasa angalieni huu mstari, skripti nyingi za zamani utaukuta, na watu bado wanaukopi hivyo hivyo:

if e.typename == "Face"

Unafanya kazi, sikatai, jibu utapata. Ila fikirieni kinachotokea ndani. Hapo e ni kitu kimoja kimoja tunachokizungukia, na hiyo typename, yani jina la aina yake, inarudisha stringi, yani maandishi, na kila ukiiita inatengenezwa stringi mpya kwenye memori, halafu lile neno "Face" ulilojiandikia kulia nalo kwa kawaida Ruby inalitengeneza upya kila lupu ikizunguka, halafu zinalinganishwa, halafu zote mbili ni takataka, zinamsubiri mzoa taka wa Ruby apite, na yeye akipita kazi yako inasimama kidogo. Ni sawa na kusimama getini pale stesheni umwambie kila abiria akuandikie kazi yake kwenye karatasi mpya, usome, utupe karatasi, uite mwingine, wakati mfanyakazi wa reli unamjua kwa sare yake. Na kuna wanaozidisha, wanaandika e.class.to_s afu wanatafuta neno ndani yake kwa regex, yani muundo wa kutafutia maandishi, hapo umeongeza kazi juu ya kazi.

Dawa yake ni hii:

if e.is_a? Sketchup::Face

Hapa hakuna stringi inayozaliwa, Ruby inaangalia tu klasi, yani aina, ya kile kitu na ukoo wake, basi.

Lakini mimi spidi sio sababu yangu ya kwanza, naomba mnisikilize hapa. Ukikosea ukaandika "face" kwa herufi ndogo, typename yako itasema sio, sio, sio, mpaka mwisho, skripti itamaliza vizuri kabisa na kukuambia eneo la kuta ni sifuri, na hakuna popote itakapokulalamikia. Ukikosea ukaandika Sketchup::Fece unapata NameError hapo hapo, imekutajia na jina ulilolikosea. Mtu ananunua bati na rangi kwa hesabu zako. Kosa linalopiga kelele ni bora mara mia kuliko kosa lililonyamaza, na hata kama typename ingekuwa na spidi sawa bado ningewaambia muiache.

Sasa kuna ndugu watatu wanaofanana na watu wanawachanganya: is_a?, instance_of?, na kulinganisha klasi moja kwa moja yani e.class == Sketchup::Face. Kwa Face wote watatu watakupa jibu moja. Tofauti inakuja kwenye ukoo. Chukulia mtu anachora stesheni yetu ya Kigoma, lile jengo la enzi za Mjerumani, yale matao yake. Kila tao ukilichora kwa kifaa cha tao SketchUp inalitunza kama ArcCurve, na ArcCurve ni mtoto wa Curve. Ukishika kipande kimoja cha tao ukauliza edge.curve.is_a? Sketchup::Curve unajibiwa ndiyo, ukiuliza kwa instance_of? Sketchup::Curve unajibiwa hapana, na ukilinganisha klasi kwa == hapana vilevile, kwasababu hao wawili wanataka klasi yenyewe hasa, watoto hawawatambui. Kwahiyo skripti ya kuhesabu mikunjo yote ya jengo ikitumia instance_of? itaruka matao yote, jengo zima limejaa matao na wewe umepata sifuri. Na kwenye case, pale unapopanga la kufanya kwa kila aina, napo mpangilio una maana, when Sketchup::ArcCurve itangulie, when Sketchup::Curve ifuate, ukigeuza ile ya Curve itameza kila kitu na ya ArcCurve haitafikiwa kamwe. Mimi natumia is_a? karibu kila mahali, zile nyingine mpaka niwe na sababu.

Haya, grep. Hii wengi wanaijua ya Linux, ila kwenye Ruby iko pia:

nyuso = entities.grep Sketchup::Face

Mstari mmoja umekuchambulia nyuso zote. Ndani yake inatumia alama ya === ambayo klasi inaitafsiri kama is_a?, ila mzunguko wenyewe unaendeshwa ndani ya Ruby sio kwenye bloku yako, kwahiyo ni nyepesi. Alafu inakurudishia arei, yani orodha, ya pembeni, na hii ni faida watu hawaioni: unaweza kufuta vitu kwenye modeli bila kuharibu orodha unayoizungukia. Ukizungukia entities moja kwa moja huku unafuta, vingine vinarukwa, au unakuja kushika kitu kilichokwishafutwa. Na ukifuta vingi vifute kwa mpigo kwa erase_entities, usifute kimoja kimoja.

Kuna wanaokwepa kuuliza kabisa, wanaweka begin, wanaita e.area, ikigoma wanadaka kwa rescue. Naomba sana muiache. Kila kosa likirushwa Ruby inajenga historia nzima ya wapi limetokea, hiyo ni gharama, na mistari kwenye modeli huwa mingi kuliko nyuso, kwahiyo unarusha makosa mengi kuliko unavyopata majibu. Afu rescue hiyo itadaka na makosa yako mwenyewe ya ukweli, hutayaona.

Tuje kwenye bati maana hapa ndo penye pesa. Tuseme umechora bati moja la msauzi na mikunjo yake, lina nyuso 200, na paa linataka bati 90. Ukikopi bila komponenti una nyuso 18,000 na mistari zaidi ya hapo, na kila kimoja kitaulizwa wewe ni nani. Ukilifanya komponenti, zile nyuso 200 zipo mara moja tu kwenye definition, yani asili ya ile komponenti. Unauliza mara 200, unajumlisha eneo, unazidisha kwa kopi zilizopo. Hakuna ujanja wa is_a? utakaokupa nafuu kama hiyo. Angalizo: model.definitions ina grupu na picha pia, kwahiyo weka next if d.image?, na kama kuna bati umelivuta kwa kifaa cha kubadili saizi lihesabu peke yake, eneo lake sio lile tena. Na area inarudi kwa inchi za mraba, hata kama modeli yako umeiweka kwa milimita, gawanya kwa 1550 upate mita za mraba kwa kukadiria.

Kuna swali pale, ndiyo dada.

Dada anauliza, je kwenye mlango wa methodi yake, yani kazi aliyoiandika mwenyewe, pale anapopokea kitu kutoka nje, acheki pia? Cheki, ila mara moja tu, nje ya lupu. Na usibane kupita kiasi. Ukisema lazima iwe Sketchup::Entities, mtu akikupa Selection, yani vile alivyochagua kwa mausi, utamkatalia bure wakati nayo ina each na ina grep. Hizo ni klasi mbili tofauti, ila zote zimechukua Enumerable, moduli ya Ruby ya vitu vinavyozungukika, na is_a? inatambua hata moduli, kwahiyo andika:

raise ArgumentError unless vitu.is_a? Enumerable

Hapo nil, yani kitu tupu, inakataliwa, stringi inakataliwa, arei inapita, Selection inapita. Sasa fungueni Ruby Console wote, chukueni modeli yenu kubwa kuliko zote, wekeni Time.now kabla na baada, tupime typename na grep kwenye laptopu zenu wenyewe.