Betri inayomezwa haimo kwenye pakiti

(Mazungumzo na wazazi na walezi wa watu wanaotumia shimesikio, yaani kifaa cha kuvaa sikioni kinachosaidia kusikia, Tabora mjini)

Mwangaluka, wazazi wenzangu. Wazee wangu, shikamooni.

Kabla sijaanza, naomba bibi aliyekaa hapo mbele, mwenye kitenge cha njano, anisaidie. Bibi, shika pakiti hii. Ndani mna betri sita za shimesikio. Nitolee moja.

Mnamwona? Ameigeuza. Anatafuta pa kuanzia kwa ukucha, gumba linateleza. Haya, sasa kaitia menoni. Pole pole bibi, yasije yakatoka meno badala ya betri! (Kicheko.) Kaa nayo tu, endelea kujaribu.

Pakiti hii ni ngumu kwa makusudi, mtoto asiifungue. Bila mkasi inakusumbua. Marekani ilipitisha sheria ya pakiti za betri ndogo kama hizi mwaka 2022, ikapewa jina la Reese, mtoto wa Texas aliyefariki Desemba 2020 akiwa na miezi 18 baada ya kumeza betri ya rimoti. Namna ya kupima pakiti za aina hii ni ya zamani zaidi, ilianzia kwenye dawa. Wanakusanya watoto wa miaka mitatu na nusu hadi minne na ushee, wanawapa pakiti, wanawatazama. Asilimia 85 lazima washindwe kabla ya kuonyeshwa namna ya kufungua. Kisha wanawapa watu wazima wa miaka 50 hadi 70, na hao asilimia 90 lazima waweze.

Bibi, una miaka mingapi? Sabini na sita. Basi wewe hata kwenye jaribio hukualikwa. Na wenye shimesikio wengi ni wa rika lako.

Sasa nyumbani inakuwaje? Anaitwa mjukuu aje na kisu. Na kwa kuwa kisu kimeshakuja, zinatolewa zote sita siku hiyohiyo, usumbufu uishe. Zinaingia kwenye kikopo. Kikopo gani? Kile cha vidonge vilivyokwisha, maana ndicho chenye kifuniko kizuri. Hapo kazi yote ya wale wahandisi imeishia mlangoni kwenu.

Nasema hivi kwa sababu mama yangu mzazi alifanya hivyohivyo. Usiku umeme umekatika, anapapasa dirishani atafute kidonge cha presha. Shimesikio ameshaivua, kwa hiyo hata ningepiga kelele asingenisikia. Asubuhi kidonge kipo, betri haipo. Picha ya eksirei ikaonyesha imeshapita koo, iko tumboni. Tukakagua choo siku tatu mpaka ikatoka. Mama mpaka leo hataki niisimulie hadithi hii, lakini leo hayupo hapa.

Niwe mkweli: mama alikuwa na bahati ya aina ya betri. Ya shimesikio ni ya zinki na hewa, volti 1.4 hivi. Yenye karatasi ya manjano mgongoni, namba 10, haifiki milimita 6 kwa upana, sawa na punje ya hindi. Yenye karatasi ya buluu, namba 675, ina milimita 11.6. Mara nyingi hupita zenyewe. Muuaji hasa ni ile bapa ya lithiamu ya rimoti, pana milimita 20, volti 3. Ikikwama kooni mwa mtoto, umeme wake unageuza majimaji ya mwili kuwa kama magadi makali, na ndani ya saa mbili nyama imeanza kuungua. Lakini hata hii ndogo yetu ikisokomezwa puani au sikioni inaunguza. Msitie matone yoyote humo, majimaji yanazidisha. Pelekeni hospitali ikatolewe siku hiyohiyo.

Narudi kwenye pakiti. Pigeni hesabu. Mtoto wa shimesikio mbili, kila betri ikikaa siku kumi: kwa mwaka ni betri 73. Pakiti inazilinda kabla hazijatumika. Zikishatoka, zinakwenda wapi? Sisi tuliokulia na redio za betri tunajua: ikichoka inaanikwa juani, ikikataa inang'atwa. Mtoto ametuona. Amejifunza kwamba betri iliyokufa haitupwi, na kwamba mahali pake ni mdomoni. Hii ya shimesikio hata ukiianika haifufuki. Ikishabanduliwa karatasi yake, hewa inaingia na kazi imeanza. Ukiirudishia karatasi hujaizuia. Ndiyo maana nasema bandua moja, siku unayoihitaji.

Ile iliyokwisha izungushie utepe wa gundi (selotepu) pande zote mbili saa hiyohiyo, kisha iweke kwenye chupa yenye mfuniko mgumu, juu ya kabati, mbali na dawa. Na kwa mtoto mdogo ulizeni shimesikio yenye mlango wa betri unaofungwa kwa kufuli dogo. Zipo. Betri iliyo sikioni mwake ndiyo iliyo karibu zaidi na mkono wake.

Mtaniuliza, akishameza? Nendeni hospitali, akapigwe picha. Msimtapishe. Na hapa Tabora tuna dawa ya njiani tunayoiuza kwa ndoo: asali. Mkihisi ni ile ya lithiamu, au hamjui ni ipi, na hazijapita saa 12 tangu aimeze, na mtoto ametimiza mwaka mmoja, mpeni vijiko viwili vya chai kila dakika kumi, visizidi vipimo sita, huku mnakwenda. Asali inapooza yale magadi. Haiondoi betri. Asikae mtu nyumbani anakoroga asali akidhani anatibu. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa.

Swali? Hakuna? Basi bibi, nirudishie pakiti yangu. Aa, kumbe umeifungua! Mpigieni makofi. Lakini naona tano. Ya sita iko wapi?

(Bibi anafungua pindo la kitenge. Iko humo, pamoja na hela ya mboga na pipi mbili za wajukuu.)