Jiwe la Sakafu: Sebuleni Sawa, Jikoni Je?

REHEMA: Asalaam aleikum, karibuni tena. Leo tuko sakafuni. Kuna msikilizaji wetu anajenga Kilifi, ameshafika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, na ameamua: marumaru nyeupe nyumba nzima. Kuanzia mlango wa mbele hadi msalani. Salim, wewe ndiye fundi hapa. Mwambie.

SALIM: Waaleikum salaam. Marumaru anunue, ni jiwe zuri. Ila asilitandaze nyumba nzima.

REHEMA: Kwa nini? Pesa ni zake.

SALIM: Pesa ni zake, lakini miguu ni ya watu wengi. Marumaru ni laini. Kuna kipimo cha ugumu wa madini, cha Mohs, kinaanzia 1 hadi 10. Marumaru inapata kama 3. Graniti iko kwenye 6 na kuendelea. Sasa huo mchanga unaoingia na ndala, mwingi ni kwatzi, aina ya madini magumu, na kwatzi ni 7. Kila anayeingia anaikwangua sakafu bila kujua. Baada ya miaka michache utaona njia kabisa: kutoka mlangoni hadi jikoni pamefifia, pembeni kwenye makochi bado panang'aa.

REHEMA: Kwa hiyo mlangoni aweke nini?

SALIM: Barazani na mlangoni, Mazeras au Galana. Mawe ya kwetu hapahapa Pwani. Uso wake una mikwaruzo ya asili, mguu hautelezi hata mvua ikipiga. Halafu aweke zulia la kufutia miguu, kubwa, la kumfanya mtu apige hatua mbili juu yake. Zulia hilo litailinda marumaru yake ya sebuleni kuliko dawa yoyote ya dukani.

REHEMA: Sebuleni basi umempa.

SALIM: Sebuleni na vyumba vya kulala, halali yake. Vyumbani watu wanatembea pekupeku, hakuna ukwaju, hakuna maji. Na hili joto letu, jiwe chini ya mguu mchana ni raha. Vyumbani hata sina la kuongeza, tusonge.

REHEMA: Jikoni.

SALIM: Hapo ndipo penye vita. Jikoni kwetu kuna nini? Ndimu, ukwaju, siki, embe mbichi, achari. Zote ni asidi. Na marumaru ni kaboneti ya kalsiamu, sawa na chokaa na matumbawe. Tone la ndimu likidondoka, linaanza kulila jiwe papo hapo. Ukija kufuta asubuhi unakuta doa jeupe, limefifia, ukipitisha kidole unalihisi.

REHEMA: Si kuna dawa ya kupaka? Ile sila?

SALIM: Watu wengi wanajidanganya hapo. Sila inaziba vinyweleo, inazuia jiwe lisinywe. Mafuta, bizari, chai ya rangi, hayo yatakaa juu na utayafuta. Lakini ndimu hainywewi, inakula. Inakula uso wenyewe, sila iwepo isiwepo. Jikoni weka graniti, imalizike.

REHEMA: Na mtu akienda dukani akaambiwa hii ni graniti, atajuaje?

SALIM: Aombe kipande cha mabaki, wanavyo vimejaa uani. Akamulie ndimu upande uliong'arishwa, asubiri kama dakika 10, afute, akiangalie kwa kukiinamisha kwenye mwanga. Kikipoteza mng'ao, hicho si cha jikoni, hata kikiitwa jina gani. Upande wa pili adondoshee maji. Jiwe likiwa jeusi haraka pale palipo tone, linakunywa sana. Na kama ni jiwe jeusi tii, achukue kitambaa cheupe chenye asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, asugue. Kitambaa kikitoka na weusi, jiwe limepakwa rangi.

REHEMA: Muuzaji atanuna.

SALIM: Anune. Anayenuna kwa sababu ya ndimu, hama duka.

REHEMA: Haya, msalani. Mimi hapa nina msimamo wangu: jiwe la kung'aa bafuni ni kutafutia wazee hospitali. Nyumba zetu zina bibi na watoto wa kuoga kwa ndoo, maji yanatapakaa hadi mlangoni.

SALIM: Nakubali. Bafuni achukue jiwe lisilong'arishwa, na vipande viwe vidogo. Vidogo vina viungo vingi, mguu unashika. Pia vinafuata mwinamo kwenda kwenye tundu la maji. Kipande kikubwa hakipindi, fundi atakikatakata au maji yatatuama.

REHEMA: Na dawa ya choo?

SALIM: Nyingi zina asidi kali. Kwenye marumaru zinaacha mviringo kuzunguka choo, hautoki mpaka jiwe lisuguliwe upya na mashine. Na kabla hata hujahamia kuna hatari nyingine: fundi akimaliza kupanga anataka kutoa saruji iliyomwagika, anachukua asidi ya chupa, anamwaga. Kwenye vigae vya kiwandani inaweza kupita. Kwenye marumaru umeua kazi ya wiki mbili kwa nusu saa. Mwambieni fundi mapema, tena kwa mdomo, akiwa amesimama pale.

REHEMA: Hiyo nimeiona kwa macho yangu kwenye nyumba ya jamaa. Sakafu imekuwa kama imemwagiwa unga.

SALIM: Unga mwingine unatoka chini, Bi Rehema, huo ni chumvi. Unyevu unapanda kutoka ardhini, unafika juu, maji yanakauka, chumvi inabaki na kubandua uso wa jiwe kidogo kidogo. Kwa hiyo karatasi ya nailoni chini ya zege isirukwe, na mchanga wa kupangia usiwe wa baharini. Na kama marumaru ni nyeupe, ipangwe kwa saruji nyeupe. Ile ya kijivu inaonekana kwa ndani, jiwe linakuwa na kiwingu.

REHEMA: Msikilizaji wetu anasema pia ataongeza ghorofa baadaye.

SALIM: Basi amwone mhandisi kabla ya kumwaga slabu. Graniti ya sentimita 2 ni zaidi ya kilo 50 kwa kila mita mraba, bado hujaweka udongo wa saruji wa kuilaza. Pamoja unapita kilo 100. Chini ardhini haijalishi, juu inajalisha.

REHEMA: Anunue kiasi gani?

SALIM: Apime, aongeze asilimia 10 ya kukatwa na kuvunjika. Mazeras ya vipande visivyo na umbo aongeze zaidi. Na anunue zote kwa mpigo mmoja, ziwe zimetoka kwenye jabali moja, kisha azitandaze chini uani na kuzichanganya kabla fundi hajaanza. Akirudi mwezi ujao kuchukua boksi tatu zilizopungua, rangi haitafanana.