Vifundo Vinne vya Left Hand Path

Ndugu zangu, kabla sijawachezea chochote, tazameni kipedali hiki cheusi chenye maandishi ya rangi ya chungwa. Ni Boss HM-2, pedali ya kukwaruza mlio wa gitaa. Kilitoka 1983, kikaacha kutengenezwa 1991, na katikati ya miaka hiyo Waswidi wakakifanyia jambo ambalo waliokibuni hawakulitarajia.

Desemba 1989 bendi ya Entombed walirekodi albamu ya Left Hand Path katika studio ya Sunlight, Stockholm, mtayarishaji akiwa Tomas Skogsberg. Kampuni ya rekodi ya Earache wakaitoa 1990. Mlio wake wa gitaa watu huuita chensoo, na wala hawajakosea.

Vifundo ni vinne: sauti, besi (L), mlio wa juu (H), mkwaruzo. Vyote zungusha mpaka vigote. Anayetajwa kuanzisha mchezo huo ni Leif Cuzner, aliyekuwa Nihilist, bendi iliyozaa Entombed. Siri imo kwenye kifundo cha H. Jina linasema mlio wa juu, kumbe kinachopanda ni masafa ya kati, karibu Hz 1000. Cha L kinainua karibu Hz 90. Chini ngurumo, juu yake meno ya msumeno.

Wengi wanaoiga huishia na uji. Wanakichomeka kwenye amplifaya ambayo tayari inakwaruza. Mkwaruzo juu ya mkwaruzo, noti hazitambuliki tena. Amplifaya iwe safi, au ichafuke kidogo tu. Geti ya kukata kelele ikae baada ya pedali, la sivyo kila ukinyamaza unasikia mvua ya mabati. Na umeme: HM-2 za zamani zilitengenezewa adapta ya ACA, aina ya zamani ya Boss. Ukizipa adapta ya kisasa ya volti 9, taa inafifia na mlio unalegea. Tia betri ya volti 9, utaona tofauti.

Ukishusha gitaa mpaka noti ya B, achana na seti ya nyuzi ya 10 (uzi mwembamba kabisa ni inchi 0.010), kwa sababu uzi ukilegea hupanda noti kila unapogongwa. Anza na 12, uzi mnene uwe 60 hivi.

Kisha rekodi rifu, yaani kipande cha gitaa kinachorudiwarudiwa, mara mbili, upige mara mbili kwelikweli, moja kushoto, moja kulia. Ukinakili faili tu, zote mbili hukusanyika katikati na ule upana haupo.

Besi ndiyo inayoumia. Entombed hawakuwa na mpiga besi wakati ule. Nicke Andersson, mpiga ngoma, na Uffe Cederlund ndio walioirekodi. Kifundo cha L kimekalia kiti chake na cha ngoma ya mguu, kwa hiyo wakati wa kuchanganya, kata gitaa chini ya Hz 80.

Sasa sikilizeni wimbo uliobeba jina la albamu, pale mwendo unapoanguka na gitaa la melodi kuingia. Fuateni gitaa la chini yake, sikio la kushoto kwanza.