Bei ya Chuo na Kile Mnacholipa Nyinyi

Assalaam alaykum wazee wangu, walimu, na vijana mliomaliza kidato cha sita.

Nimeombwa nieleze hapa Wete namna vyuo vya Marekani vinavyokadiria msaada wa fedha, nami naanza na kosa langu mwenyewe. Mtoto wa dada yangu alipopata nafasi katika vyuo viwili, nilitazama gharama zilizotangazwa tu, nikamhimiza achague kile cha dola 38,000 kwa mwaka, nikakidharau kile cha dola 79,000. Mama yake ndiye aliyezisoma barua hadi mwisho. Chuo cha kwanza kilitoa dola 9,000, na kati ya hizo 5,000 zilikuwa mkopo. Cha pili kilitoa ruzuku ya dola 68,000. Toeni wenyewe, bila kuhesabu mkopo kwa kuwa utarejeshwa: huku zinabaki 34,000 za kutafuta, kule 11,000.

Hesabu yenyewe si ya siri. Chuo hujumlisha ada, dakhalia, chakula, vitabu, bima ya afya na nauli, kisha hukadiria uwezo wa aila, na tofauti iliyopo ndiyo uhitaji wa mwanafunzi. Raia wao hujaza fomu ya serikali iitwayo FAFSA, lakini ruzuku na mikopo ya serikali ile haimfikii mwanafunzi anayetoka kwetu, kwa hiyo sisi hutegemea fedha za chuo chenyewe, ambacho aghalabu huomba fomu ya CSS Profile au fomu yake. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst ni miongoni mwa vyuo vichache visivyomhesabia mgeni umaskini wake wakati wa kuamua kumpokea. Kwengine, kuomba msaada kunaweza kupunguza nafasi ya kukubaliwa.

Fomu hizo zimetungwa kwa watu wa mshahara wa kila mwezi, na hapa Pemba ndipo pana kazi. Mwenye mikarafuu akiandika mapato ya mwaka wa msimu mkubwa, ataonekana tajiri, ilhali mwaka unaofuata huenda asichume hata pishi chache. Basi andikeni ukweli wa mwaka ulioulizwa, kisha ambatisheni barua inayoonesha mapato ya miaka mitatu au minne pamoja na stakabadhi za mauzo. Ofisi ya msaada ina mamlaka ya kuzingatia maelezo hayo.

Vyuo vya nyumbani navyo vipimwe kwa mizani hiyohiyo. SUZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na Chuo Kikuu cha Zanzibar (ZU) vyote vina kampasi Tunguu, Unguja, lakini kijana wa Pemba hulipa pia boti na chumba cha kupanga, na fedha za Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, zitarejeshwa.

Ulizeni pia kama ruzuku ni ya miaka yote minne au ya mwaka wa kwanza tu.

Barua zile mbili ninazo hapa mezani, majina yamefutwa. Njooni na kalamu, mkate kila mstari wenye neno mkopo, kisha mjumlishe upya.