Bawa Halijui Kwamba Mmeegesha

Ndugu marubani, ndugu mafundi, na ninyi vijana wa maegesho ambao kwa kawaida hukumbukwa mwishoni: wanaonifahamu wanajua nitakachosema, kwa maana nimekisema kila nilipopewa kipaza sauti hapa Mwanza. Ndege ndogo haiachi kuruka kwa sababu rubani amezima injini. Bawa halina habari na injini. Linachojua ni hewa inayolipitia, na hewa hiyo ikitoka ziwani kwa kasi inayokaribia kilomita 90 kwa saa, Cessna 172 iliyosimama tupu, yenye uzito usiofika kilo 800, imeshapata karibu kila inachohitaji ili inyanyuke. Tena nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi yake, kwa hiyo upepo wa kilomita 60 kwa saa hausukumi mara tatu ya ule wa kilomita 20, bali mara tisa.

Kuna atakayeniuliza mbona sizungumzii ajali ya ndege ya Bukoba. Sijaisahau tarehe 6 Novemba 2022 wala wale 19 waliotutoka, lakini ile ilikuwa ndege ya abiria iliyokuwa ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa, na ina mhadhara wake. Mimi nazungumzia ajali zisizofika magazetini, za ndege ambazo zimekwisha kutua salama.

Moja niliishuhudia kwenye kiwanja cha changarawe kando ya ziwa, ambacho sitakitaja, kama nisivyomtaja rubani, maana angali anaruka na siku hizi ni mwangalifu kuliko mimi. Alikuja asubuhi akiukabili upepo, akaitua ndege kama mama anavyotua ndoo ya maji asimwage tone. Juu ya ziwa lilikuwa limebaki wingu zito la radi za usiku, yale mawingu yetu ya kila msimu wa mvua. Akageuza kurudi maegesho, na kwa kugeuza huko upepo uliokuwa usoni ukawa nyuma yake, upande wa kushoto. Ndipo wingu lilipoachia hewa baridi, ambayo hufika kabla ya tone la kwanza la mvua. Maji yakageuka rangi, povu likaonekana, na wavuvi wa dagaa walikuwa wamekwisha kuanza kuvuta mitumbwi yao mchangani. Rubani wetu alikuwa anaandika muda wa safari, usukani ameuvutia kifuani kama alivyofundishwa kwa upepo wa mbele! Upepo ukaingia chini ya mkia na chini ya bawa la kushoto, ndege ikasimama kwa gurudumu la pua na ncha ya bawa la kulia, propela ikachota changarawe. Hakuna aliyeumia. Lakini propela inayozunguka ikigonga ardhi, injini hufunguliwa yote ikaguliwe, hata kama kwa nje inaonekana nzima, na bili yake haina huruma. Mvuvi mmoja aliyekuja kutusaidia kuiinua aliniuliza, "Kaka, huyu hakuona maji yalivyogeuka?" Sikuwa na jibu.

Msiniambie kwamba kuonya juu ya upepo ni kazi ya mnara wa kuongozea ndege. Mnara hukupa upepo uliopimwa pale kipimo kilipo, si ule ulioko mkiani mwako, na kwenye viwanja vingi vya kandokando ya ziwa hakuna mnara, kuna soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakotoka, mara nyingine imechanika. Upepo ukitoka mbele ubavuni, usukani ugeuzwe kuelekea unakotoka. Ukitoka nyuma ubavuni, ugeuzwe kuukimbia na usukumwe mbele, na mwendo uwe wa polepole hadi ndege ifungwe.

Kuhusu kufunga, nilitaka kueleza mengi, ila mwenyekiti ananionyesha saa. Pua ielekee upepo kila inapowezekana, visukani, vile vipande vinavyosogea kwenye mabawa na mkia, vifungwe, kamba tatu, za mabawa mawili na mkia. Kamba ya katani, pamoja na heshima zote kwa ndugu zetu wa Tanga, hufupika ikilowa, na ukiikaza sana ikiwa kavu, mvua itaitumia kulivuta bawa. Acha nafasi ya sentimita mbili au tatu, isizidi hapo, maana kamba iliyolegea sana huipa ndege mwanya wa kujirusha hadi ikate. Nailoni haina tabia ya kufupika. Upepo wa injini za ndege kubwa nitauacha.

Dirishani naona ndege mbili zimekazwa kwa katani, na kule ziwani kunaanza kuwa kweusi. Maswali tutaanza wawili wenu watakapokuwa wamezilegeza na kurudi.